Jina Lisilo na Kwao

Mama Ngoie, mama yangu,

Nakuita mama hata kwenye karatasi, kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na kwetu mwenye jina la mzee ndiye mzee huyo, hata kama juzi tu nilikuwa nakufuta kamasi. Umeenda na baba yako kumuaga shangazi yake. Namjua shangazi yule, hatawaachia mpaka mle, msali, kisha mle tena. Kwa hiyo nina jioni nzima peke yangu hapa mtaani kwetu Katuba. Sombe, majani yetu ya muhogo, iko jikoni kwenye mbabula, makala yanawaka polepole, na mkono wangu hauna kazi nyingine ila hii.

Sitakuandikia juu ya pasipoti, wala juu ya maji ya kuchemsha, wala juu ya wanaume wa Dar es Salaam. Hayo mama zako wadogo wamekuimbia wiki nzima, na niliona vile macho yako yalivyokuwa yakitafuta mlango. Kichwani una misuko mizuri ambayo Nyola alikusuka jana. Tiketi ya bisi iko kwenye mkoba wako. Na ndani ya sanduku, chini ya vikwembe vyako vya kujifunga, kuna kitabu chako ulichokiandika hapa kwenye meza hii ninayoandikia. Juu ya hicho kitabu ndiyo nataka kusema, tena juu ya neno moja tu, lile lililo kwenye ukurasa wake wa mbele.

Jumapili wakati wa kula ulitusomea ujumbe wa mchapishaji wa Dar es Salaam. Kitabu wamekipenda, asante Mungu. Lakini jina lake, Yezamulo, hawalitaki. Wanasema haliko kwenye kamusi yoyote, msomaji hatajua kama ni mtu, ni mti, au ni dawa ya minyoo. Wao wanaona kiitwe "Safari Ndefu ya Mama na Binti", na wanangoja jibu lako ukifika. Baba yako akakuuliza utawajibu nini. Ukamega bukari, ukachovya, ukasema bila kutuangalia: "Nitakubali. Ni jina tu, mama."

Nikaanza kukusanya sahani. Wewe na baba yako mkaangaliana, kwa sababu mnajua mimi nikikusanya sahani watu bado wanakula si dalili njema. Nilikasirika, mama, sitakuficha. Lakini sikukukasirikia wewe. Hayo maneno matatu, ni jina tu, niliyatambua, kwa sababu ni yangu. Niliyasema mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili yalinichoma mkono. Basi kaa, nikuhadithie. Nitakuandikia kwa Kiswahili cha masista, kile nilichokitumia kwenye redio, lakini watu wakianza kusema nitawaacha waseme kama wanavyosema hapa kwetu.

Unajua kwamba niliandika michezo ya redio kabla ya kufungua duka la vitambaa. Unachokumbuka wewe ni kelele tu: sisi wanawake wa parokia tumejaa sebuleni, na mzee Kasongo, Mungu amrehemu, akifanya sauti za wanaume wote pamoja na za mbwa. Kila Jumapili baada ya misa tulienda kwenye kile chumba kidogo cha redio ya mtaa, tukasoma mchezo wetu mbele ya kipaza sauti kimoja, tukisukumana kama wanawake bombani. Watu walitupenda. Nikipita sokoni wananiuliza, "Mama, ule bwana atarudia kwake ao hatarudia?" Nami najibu, "Ungojee Jumapili, haraka ya nini?" Nilijiona malkia.

Mchezo wa kwanza niliouandika peke yangu ulikuwa wa mwizi wa mali ya ushirika. Nikamwita Mukendi, na mchezo wenyewe nikauita "Mukendi na Mali ya Watu". Jina lilinijia tu, sikulitafuta. Ndilo kosa lenyewe hilo, kwamba lilikuja bila kutafutwa. Maana wewe umekulia hapa, unajua. Hapa kwetu jina si nguo tu ya kujifunika. Mtu akisema jina lake, kabla hajafika mwisho umekwisha kujua kwao ni wapi, mama yake anapika nini, na kama wewe ni mtu wa kuchagua upande, umekwisha kuuchagua. Mwizi wangu alikuwa bado hajaiba hata sindano, na wasikilizaji walikwisha kusema, "Ee, tulijua, ni wa Kasai."

Na mimi nimeolewa na mtu wa Kasai! Niko na pete yake kwenye kidole, ninaandika kwa kalamu aliyoninunulia.

Jumapili ile baba yako alisikiliza mchezo mpaka mwisho. Nikarudi nyumbani nangoja sifa. Akala, akanawa mikono, akaniuliza polepole: "Juu ya nini mwizi yako iko na jina ya kwetu?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Aa, papa, ni jina tu."

Hakupiga kelele. Unamjua, hajui kupiga kelele. Akasema, "Baba yangu alikuwa Mukendi. Kaka yangu iko Mukendi. Miye nilikuwa kijana wakati bantu banatuuliza mu barabara, jina yako nani? Tukijibu, basi, ilitosha. Mama yangu akafunga magodoro, tukaenda kulala ku kituo ya gari la moshi, kungojea ile ya kuturudisha Kasai, juu walikuwa wanatufukuza. Weye unajua ile. Na unasema ni jina tu?"

Akatoka akaenda kukaa kwenye barza, mgongo kwangu. Wiki ile watoto wa mtaa wakawa na mchezo mpya: mtoto yeyote wa Kasai akipita na mkate wake, wanamlilia nyuma, "Mukendi mwizi, Mukendi mwizi!" Na wewe mwenyewe, mama, ulirudi siku moja kutoka bombani ukilia, ndoo haina maji. Ulikuwa binti wa baba yako, si ndiyo? Nikajiuliza ni nani aliyemwaga maji yako. Ni mimi, kwa kalamu.

Nililia. Halafu nikachoka kulia, nikakasirika, na mimi nikikasirika ndipo ninapofanya kazi vizuri. Nikajiambia, kama kila jina la mji huu lina kwao, basi nitatengeneza jina lisilo na kwao. Nitamtengeneza mwanamke ambaye watu watalazimika kumsikiliza kwanza, kabla hawajajua wamweke kwenye fungu gani.

Usidhani ni rahisi. Watu wanafikiri neno la kutunga ni kufunga macho na kutupa herufi mezani. Nilitupa mengi. Likianza hivi, masikio yanasikia Kasai. Likianza vile, yanasikia Luapula. Likiishia hivi, ni la kule kwetu Kaskazini. Mengine yalikuwa safi lakini mabaya. Moja, Bafulamaka, mzee Kasongo alipolisikia tu alishika tumbo akasema, "Mama, hii ni jina ya ugonjwa, miye sitaicheza." Nikalitupa motoni.

Ndipo nikapata njia yangu ya kupima, na wewe ndiye uliyekuwa mizani yangu, ingawa ulidhani tunacheza tu. Nilikutuma mpaka kwenye kona, pale kwa fundi baiskeli. Nami nasimama hapa uani, mikono kiunoni, naliita lile jina kama mama anavyoita mtoto wake giza likiingia. Maana jina la kweli linajulikana hapo. Kama linakatika njiani, si jina. Kama linachekesha mtaa, si jina. Lakini kama jirani anatoa kichwa juu ya ukuta na kusema, "Mutoto yako amepotea?", basi hilo ni jina, lina mtu ndani.

Na wewe, maskini ya Mungu, uliitikia yote. Nikiita lolote, nasikia kutoka kwenye kona: "Niko, mama!" Nikakuambia, "Lakini wewe si Bafulamaka." Ukanijibu, "Sasa nani ataitikia?"

Sijasahau jibu lile. Katika vitabu vyote nilivyosoma sijapata mwalimu aliyenifundisha kazi hii vizuri kuliko hilo swali lako, na ulikuwa bado hujabadilisha meno ya utoto.

Jioni moja nikaita: "Nyolandeyaaa!" Likaenda, mama. Likapita ukuta, likapita kwa fundi baiskeli, likafika. Jirani wetu akatoa kichwa: "Nyolandeya anafanya nini tena?" Tena! Kana kwamba anamjua mtoto huyo na utundu wake wa zamani. Nikaingia ndani mbio nikaandika. Kesho yake nikazunguka sokoni nikiuliza kila mtu, "Hii jina iko ya kwenu?" Wauza mchele wa Kasai, hapana. Wauza samaki wa Kasenga, kule Luapula, hapana. Mama zangu wa Kaskazini, hapana. Mmoja akaniuliza, "Sasa iko ya nani?" Nikamwambia, "Ungojee Jumapili."

Mchezo ukaitwa "Nyolandeya", neno moja, basi. Mwanamke anafika mjini na chungu kichwani, hakuna anayejua alikotoka, na kila nyumba anayopita inabadilika kidogo. Jumapili ya kwanza watu waliuliza kama ni sabuni. Nakuambia ili ujue kwamba watu wa Dar hawakukosea kuogopa, mwanzoni ni vile. Jumapili ya pili wakauliza ni nani. Baada ya hapo mambo yakageuka, na mimi sikuwa nimetazamia. Wanawake wa Kasai wakasema, "Ule iko wetu, usikie vile anajibu bwana yake." Wauza samaki wakasema, "Wapi! Ni wa Luapula, ona vile anaheshimia maji." Mama zangu wakanivuta pembeni: "Tuambie ukweli, ni binti ya nani kule kwetu?" Nilitengeneza jina ambalo kila mtu atalikana, na kila mtu akalidai! Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Usiku ule tulikaa wote wawili kwenye barza, bega kwa bega, na sikuona mgongo wake tena.

Sasa sikia hili, maana hapa ndipo ninapotaka ufike.

Siku moja akaja mama mmoja, Mama Mwansa, muuza samaki wa Kasenga. Binti yake ameolewa hapa Katuba, naye alikuwa amekuja kumwogesha mzazi. Akaingia uani na mtoto mchanga mgongoni na fungu la samaki wa kukausha mkononi. Hakuketi hata nilipompa kiti. Akasema, "Nilikuya kumuonyesha mutoto majina yake."

Unajua mambo ya majina kwetu. Yule ambaye mtoto amepewa jina lake, huyo ndiye majina ya mtoto. Lazima amwone, amshike, ampe kikwembe cha kumbebea, na tangu siku hiyo wanaitana majina mpaka kufa. Nikamwuliza Mama Mwansa, "Mutoto anaitwa nani?"

"Nyolandeya."

Nikashikwa na kicheko. Nikamweleza. Nikasema, "Mama, huyu muntu haiko. Nilimutengeneza. Hana mwili, hana nyumba." Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Nimekuelewa, mama," akasema. "Haiko na kwao. Lakini jina iko. Na mwenye kuiita wa kwanza ni weye. Sasa mutoto atapewa kikwembe na nani?"

Nikaingia ndani. Nilikuwa na kikwembe kizuri kimoja, kile cha kijani baba yako alichonipa ulipozaliwa wewe. Nikakitoa. Nikamfunga nacho mtoto mgongoni mwangu, nikazunguka naye uani kama desturi inavyotaka. Alikuwa mzito, na alininyea, mama, alininyea vizuri sana. Nikajua siku ile kwamba neno ulilolitunga likishapewa watu si lako la kuchezea tena. Umekuwa majina yake. Una deni nalo, lakini si deni la kulipwa kwa franga.

Na bado nikakosea. Huyu ndiye mama yako.

Mkubwa wa ile redio aliniita. Hakuwa mtu mbaya, alitupa hata viti. Akasema kuna mfanyabiashara anataka kusaidia mchezo, ila jina halimwelei. Anataka jina ambalo mtu akilisikia anajua mara moja atalia au atacheka. Wakanipa "Machozi ya Bibi Mvumilivu". Na ili mambo yawe wazi, mwanamke naye apewe jina la kueleweka, aitwe Maria tu, kama watu wote. "Mchezo ni ule ule, mama," akaniambia. "Hatugusi hata mstari." Nami nilikuwa nimechoka, na kusema ukweli nilikuwa nimefurahi kwamba mtu mkubwa ananibembeleza. Nikasema, Mungu anisamehe, "Sawa. Ni jina tu."

Mara ya pili hiyo.

Hakugusa mstari, ni kweli, alitimiza neno lake. Lakini watu walisikia "Machozi" mlangoni, wakaingia wakiwa na vitambaa vyao tayari, wakamlilia yule mwanamke hata pale alipokuwa anachekesha. Hakuna aliyeuliza tena ni wa nani. Wauza samaki hawakumdai, wauza mchele hawakumdai. Alikuwa amekwisha kuelezwa, sasa wamdai wa nini? Maneno yale yale, sauti zile zile, na mimi nimesimama mbele ya kipaza sauti nasikia mchezo wangu unapoa kinywani mwangu.

Mama Mwansa akarudi. Mara hii alikuja mikono mitupu, mtoto amekwisha kuanza kutambaa. Akaketi kabla sijamkaribisha. Akasema, "Tulikaa kando ya redio Jumapili tatu. Tunamungojea majina ya mutoto. Wanaita muntu mungine." Nikaanza kumweleza habari za mfanyabiashara, za mkubwa, za viti. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Halafu akauliza: "Sasa mutoto wangu iko na jina ya nani?"

Nilikwenda kwa mkubwa kesho yake kudai jina langu, nikamkuta mwenye adabu vilevile, lakini redio ilikwisha kupiga tangazo na mfanyabiashara alikwisha kuzoea. Jina ulilolitoa kwa mkono wako mwenyewe hurudishiwi. Nikauacha mchezo, wakaendelea kidogo bila mimi, ukafa. Mimi nikafungua duka la vitambaa. Siku zote ukiniuliza kwa nini niliacha kuandika, nilikuambia ni macho. Macho yangu hayana shida yoyote, nasoma bei ya kitambaa kutoka upande wa pili wa barabara.

Yule mtoto unamjua. Ndiye Nyola, aliyekusuka jana, uliyeketi katikati ya magoti yake mchana mzima mkicheka. Ulidhani Nyola ni kifupi cha nini? Amekulia na jina ambalo nililitelekeza, na amelibeba mwenyewe, bila redio, bila mimi. Sasa mtaa mzima ukisikia Nyolandeya haumfikirii mwanamke wa mchezo, unamfikiria yeye, mikono yake myepesi na ulimi wake mrefu. Mwaka jana aliniuliza jina lake limetoka wapi. Nikamwambia, "Limetoka hapa uani." Akaridhika. Kila Noeli ninampelekea kikwembe, nawe umekuwa ukidhani ni kwa ajili ya nywele zako.

Basi turudi kwako. Mimi kitabu chako nimekisoma mara mbili, mara ya pili kwa siri, ulipokwenda kuchukua visa. Mama na binti wako Mokambo, mpakani, kwenye foleni. Askari anawauliza, "Kwenu wapi?" Na yule mama, kwa sababu jibu la kweli limekwisha kumwumiza mara nyingi, anasema jina la kijiji ambacho hakiko: "Yezamulo." Na mtu wa nyuma kwenye foleni anasema, "Aa, Yezamulo! Shangazi yangu aliolewa kule." Na wa nyuma yake naye anakijua. Mama wee! Niliposoma hapo nilisimama nikazunguka meza. Kisha wanatembea kitabu kizima wakikitafuta kijiji ambacho yeye mwenyewe alikitunga, kwa sababu watu wengi wamekwisha kuwaelekeza njia.

Sikukufundisha hilo. Hujui habari za Mama Mwansa, nilikuficha. Umeliona mwenyewe kwa macho yako, wewe binti wa mama wa Kaskazini na baba wa Kasai, uliyeulizwa "kwenu wapi" tangu ulipojua kusimama, na uliyekuwa unajibu "Katuba" huku watu wakicheka na kusema, "Hapana, kwenu kabisa." Umewatengenezea kwenu kabisa. Halafu unataka kukifunika na "Safari Ndefu ya Mama na Binti"? Hilo si jina, ni mtu anayesimama mlangoni kukuambia chakula ni nini kabla hujanawa mikono. Pardon, nilijiambia sitahubiri. Sihubiri, nagombana.

Tena nisikilize vizuri. Sisemi kila neno la kutunga ni zuri. Kuna waandishi wanaotunga neno ili waonekane wana kichwa kikubwa, na ukifungua kitabu hukuti mtu ndani yake. Bafulamaka yao hiyo. Kama kitabu chako kingekuwa hivyo ningekuambia mimi mwenyewe, tena mbele ya wageni. Lakini Yezamulo ukurasa wa kwanza ni kelele tu, na ukurasa wa mwisho ni mahali. Mimi ninaweza kukuonyesha kisima chake kilipo. Msomaji asiyejua neno hilo maana yake nini hajapotea, mama. Yuko kwenye foleni pamoja nao.

Hao wa Dar waheshimu. Wameusoma mswada wako usiku na mchana, wamekupa nafasi ambayo mimi sikuipata. Watakucheka kidogo ukisema "iko" mahali pasipo "iko", nawe cheka nao, halafu waambie waketi. Usiwape hotuba juu ya sanaa. Waombe tu mmoja wao atoke nje ya ofisi yao, asimame uani, aite. Kama halifiki, badilisheni, sitanung'unika. Ukibadilisha kwa sababu umepima na ukaona, wewe ni mwandishi. Ukibadilisha kwa sababu umechoka na mtu mkubwa amekubembeleza, utakuja kuuza vitambaa karibu na duka langu, na mimi sitaki mshindani.

Sina hofu juu yako, unajua? Wenzangu wananiuliza kama nina hofu kukuachia uende mbali hivyo. Nitakulilia, ndiyo, kesho bisi ikishaondoka nitalia mpaka baba yako aone haya. Nitakukosa asubuhi ukipiga kelele juu ya chai, nitakukosa kila kitu. Lakini hofu sina. Mtu aliyeweza kutunga kijiji na kuwafanya askari wa mpakani wakiamini atapata mahali pa kulala Dar es Salaam.

Hapo nilikuwa nimefikiri nitamaliza. Nikaweka kalamu, nikageuza sombe, na giza lilikuwa linaingia, saa ile ya akina mama kuita. Nikajiambia, we mama, unampa mwenzako kipimo na wewe mwenyewe hujapima. Umezeeka umekuwa mwoga? Nikatoka uani. Nikaweka mikono kiunoni. Sijaita jina la kutunga tangu nilipoacha redio, sikujua kama sauti bado iko. Nikavuta pumzi nikaita:

"Yezamulooo!"

Likaenda. Lilipita ukuta, mama, lilipita pale alipokuwa fundi baiskeli. Jirani hakutoa kichwa, amezeeka, lakini nilimsikia akisema na wajukuu wake ndani, "Nani anaenda Yezamulo?" Nami nimesimama palepale, mikono bado kiunoni.

Halafu kutoka kwenye kona, ambapo mlikuwa mmeshuka kutoka kwa shangazi, wewe na baba yako, bila kujua kwa nini naita wala naita nini, nikasikia sauti yako, kubwa sasa, sauti ya mwanamke:

"Niko, mama!"

Nimekimbia ndani kuandika haya wakati mmesimama na majirani, na sasa nasikia mnafungua lango. Naikunja barua hii haraka, nitaiweka chini ya vikwembe, juu ya kitabu. Ukifika kule wakikuuliza jibu lako, wewe umekwisha kulitoa, na mtaa mzima umesikia.

Nenda salama, mama yangu. Uje uniite.

Mama yako, Katuba